Injinia Aliyetaka Matanki Yakae Chini

Habari za kifo chake nilizipata Hedaru, kwa muuza tangawizi. Basi lilikuwa limesimama abiria wachimbe dawa, nami nikashuka na mkongojo wangu kutafuta fungu moja la kupeleka nyumbani. Yule mama alikuwa anazungumza na mwenzake wa meza ya pili, wala hakuniangalia usoni. “Yule injinia wa jengo lililoua kafa. Wanamzika kesho kutwa huko juu kwao.” Mwenzake akauliza, “Injinia yupi?” “Si yule muuaji wa Same.” “Aa, huyo! Mungu naye kachelewa.” Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaozungumzia jambo lisilowahusu, kisha yule mama akanigeukia: “Baba, nikupimie la mia tano au la elfu?” Nikasema la elfu. Sikusema kingine. Ninyi wasomaji mnaonisifia ulimi mkali, jueni kwamba siku hiyo ulimi wangu ulitosha kununua tangawizi tu.

Marehemu simtaji jina kwa sababu mjane wake ameniomba. Wengine siwataji majina kwa sababu mhariri hataki kwenda mahakamani. Lakini nitawataja kwa vyeo vyao na kwa waliyoyafanya, na Same si mji mkubwa. Kila mmoja atajikuta humu bila kuonyeshwa kwa kidole. Mimi mwenyewe mnanijua: fundi bomba wa darasa la saba, niliyetolewa kwenye kifusi nikiwa na mguu mmoja mzima na mwingine wa kubahatisha. Safu hii nilipewa kwa ajili ya mguu huo. Mhariri alisema watu watapenda kumsoma fundi aliyenusurika, na kweli mmenisoma miaka mitano. Leo mtasoma na sehemu niliyokuwa naificha.

Jengo lenyewe wakubwa wenzangu mnalikumbuka kabla halijapakwa rangi. Lilikuwa ghala la zamani la kuwekea mkonge na ngozi, hatua chache kutoka barabara kuu, kuta nene za mawe zilizoshikwa kwa udongo na kupigwa plasta kwa nje ili zionekane za kisasa. Mwenye jengo alilinunua akitaka liwe na fremu sita za biashara mbele na vyumba vya wageni nyuma. Akamwita injinia ampangie mifumo: maji, umeme, majitaka, na njia ya kutolea hewa ya moto, maana joto la Same mnalijua. Injinia alikuja na futi kamba na daftari, akakaa siku tatu bila kuchora hata mstari mmoja. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole na kuzisikiliza. Alichimba kishimo kwenye kona ya msingi akatia mkono ndani. Aliuliza wageni wataoga saa ngapi, nani atafua mashuka, mwenye saluni ataosha vichwa vingapi kwa siku, mgao wa maji hukaa siku ngapi bila kurudi. Mwenye jengo akamcheka mbele yetu sote: “Injinia, nimekuita unichoree jengo, wewe unanihoji kama karani wa sensa!” Injinia akamjibu bila kuinua kichwa, “Nikikosea hapa kwenye karatasi, nafuta. Ukikosea wewe kwenye ukuta, utafuta kwa koleo.”

Mchoro ulipotoka ulikuwa kitu ambacho mimi, kwa miaka yangu yote ya kufunga mabomba, sikuwahi kukiona kwa mwenye nyumba yeyote wa mji huu. Kila waya ulikuwa na njia yake, nje ya udongo. Chemba za majitaka zilikuwa mbali na msingi. Juu ya kila chumba tundu la hewa, lenye wavu wa kuzuia popo. Na maji aliyaweka chini: tanki kubwa la zege lililochimbiwa uani, pampu ndogo, na tanki moja dogo juu ya mnara wa chuma uliosimama peke yake, usioegemea jengo. Alinieleza mwenyewe, tumechuchumaa uani, akichora mchangani kwa msumari. Alisema lita elfu tano za maji ni tani tano, na ukuta wa udongo haujawahi kusoma ramani ya mtu. Mimi nilielewa. Naomba hilo mlishike: nilielewa vizuri kabisa.

Aliyekataa ni mwenye jengo, na alikataa kwa kiburi chetu sisi watu wa milimani, si kwa ujinga. Wote tumekulia kwenye ndiva, mabwawa ya babu zetu kule juu, maji yanajikusanya usiku kucha na asubuhi yanafunguliwa yashuke mashambani kwa zamu, hayadai umeme wala mafuta. Tumekua tukijua kwamba maji mazuri ni yale yanayotoka juu, na kwamba mtu anayeyasukuma maji kwa mashine amekosa akili au amekosa mlima. “Maji ya Upare yanashuka, hayapandishwi,” mwenye jengo akasema. “Matanki matatu yatakaa juu, pale nyuma, yashuke yenyewe. Babu yangu hakuwa na pampu.” Injinia, ambaye naye alizaliwa juu ya Hedaru na alifungua ndiva kabla hajavaa viatu, akamwambia, “Babu yako aliiweka ndiva yake juu ya mlima, bosi. Hakuiweka juu ya kichwa cha bibi yako.” Watu wakacheka. Mwenye jengo naye akacheka, kisha akaacha kucheka, na kuanzia hapo injinia hakuwa na kazi pale.

Sasa sikilizeni tulivyolipandisha zege la kukalia matanki hayo, maana hapa ndipo na ninyi mnapoingia. Mwenye jengo alitangaza msaragambo. Kazi ya wote, ile tunayoitana kuchimba mtaro au kujenga darasa, yeye akaiita kwa ajili ya nyumba yake ya wageni. Aliahidi kuweka bomba la nje, majirani wachote bure siku ambazo mgao haupo. Nani angekataa? Jumamosi ile watu walijaa. Akina mama walibeba mchanga kwa ndoo, vijana wakapanga mstari kwenye ngazi, kwaya ikaimba, ng'ombe wa mfugaji mmoja wa tambarare walizuia lori la kokoto mpaka wakafukuzwa kwa vigelegele. Kufikia mchana slabu ya matanki ilikuwa imemwagwa juu ya ukuta wa nyuma wa fremu. Injinia alikuja akasimama chini ya ngazi, akapaza sauti: “Hili sikulichora mimi! Ukuta huu haubebi!” Mama mmoja mwenye karai kichwani akamwambia, “Injinia, kama hubebi kokoto, pisha njia wanaobeba.” Mstari mzima ukashangilia. Mwingine akaongeza, “Muacheni, amezoea kubeba penseli!” Kwetu mtu asiyetoka jasho kwenye msaragambo hana neno, na yule alikuwa amevaa shati safi. Akaondoka. Nilikuwa kwenye ngazi ya nne na ndoo ya zege, nikamwona akitembea kuelekea stendi, na mimi pia nilikuwa nimecheka.

Matanki matatu meusi yakapandishwa. Kazi ya kuyaunganisha ikawa yangu. Tanki lolote lina bomba la kumwaga ziada likijaa, maana boya linalofunga maji huweza kukwama. Mtu wa ndiva hahitaji kufundishwa hili. Kwenye bwawa letu kitu cha kwanza kukaguliwa huwa ni ule mlango wa kumwagia yanayozidi, kwa sababu ukiziba, bwawa linajibomoa lenyewe na kuondoka na mahindi ya watu. Nililielekeza lile bomba nje, juu ya uchochoro. Msimamizi wa saiti akapanda akaniuliza, “Fundi, unataka maji machafu yachore mistari kwenye rangi mpya ya bosi?” Nikamwambia mchoro wa injinia ulisema ziada imwagwe mbali na ukuta. Akasema, “Injinia yuko wapi? Mwingize ndani ya ukuta huyo mjusi wako, kuna uwazi pale, atashuka kimya kimya.” Akapaza sauti kumuuliza mwenye jengo aliyekuwa chini uani, na mwenye jengo akajibu bila kuangalia juu, “Fanyeni panapopendeza!” Nikaliingiza ndani ya ukuta. Nilizaliwa kwenye nyumba ya mawe na udongo. Nilijua maji hufanya nini kwenye udongo. Nililiziba tundu kwa saruji, nikalisugua kwa sifongo mpaka likapendeza.

Wiki kadhaa hakikutokea kitu, na hiyo ndiyo tabia mbaya ya kosa la mfumo: linakaa kimya, linakuacha usifiwe. Ukuta ulianza kutoa mistari ya ufa, msimamizi akaipaka plasta. Plasta ikapasuka, akaipaka tena. Fremu zikapata wapangaji. Mmoja alikuwa dada wa saluni, msichana mchangamfu, mtani wa kila mtu, aliyenipigia simu nikamtengenezee sinki la kuoshea nywele. Mgao ulikuwa umepotea siku tisa. Nikiwa nimelala chali chini ya sinki lake, mchana wa jua kali, mabomba yakaanza kukohoa, na mji mzima ukasikika ukipiga kelele za furaha. “Maji yametoka!” Dada akakimbilia ndoo zake. “Fundi, fanya upesi! Leo naosha kichwa kwa maji ya kumwaga, siyo ya kikombe!” Kwa mara ya kwanza matanki yote matatu yakajaa mpaka juu, boya likakwama, na ziada yote ikawa inashuka kimya kimya kama nilivyoipangia. Nilisikia ukuta ukitoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo, kisha slabu na matanki vikatushukia. Mimi niliokolewa na meza ya zege ya sinki, iliyouchukua mguu na kuniachia kifua. Yeye alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, na ndoo mkononi.

Watu wanataka muuaji, tena wanamtaka upesi, kabla ya arobaini. Mhuri uliokuwa kwenye makaratasi ya halmashauri ulikuwa wa injinia. Ile karatasi ya maji, inayoonyesha tanki limechimbiwa uani, haikuwepo kwenye faili. Msimamizi ndiye aliyelibeba faili siku mbili kabla ya kamati ya uchunguzi kukaa, na hilo analijua yeye na sasa mnalijua ninyi. Mwenye jengo alinitembelea hospitalini na mfuko wa machungwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanimenyea moja kwa mikono yake. “Pole sana, fundi. Nimefikiri sana juu yako. Lile bomba lililomwaga maji ukutani alilifunga nani?” Nikaliangalia lile chungwa mkononi mwake. “Alilifunga nani?” “Mimi, bosi.” “Basi ukisema mambo mengi, wa kwanza kufungwa atakuwa nani?” Akanipa kipande cha chungwa mdomoni kama mtoto. Kamati ilipokuja na kuniuliza nilifanya kazi kwa maelekezo ya nani, nilisema maneno matatu: “Nilifuata mchoro, mheshimiwa.” Mwenyekiti wa kamati hakuuliza mchoro upi, wala uko wapi. Aliandika, akafunga kalamu, akanitakia afya njema. Alikuwa na safari.

Injinia hakufungwa. Nyaraka zilikuwa na mapengo mengi mno hata kwa uongo. Walimfutia usajili wa kazi, basi, na kilichobaki mkafanya ninyi. Hakupata tena hata choo cha shule cha kuchora. Mtu akimwona stendi anamwambia mwenzake kwa sauti, “Usisimame karibu na ukuta, injinia anapita.” Binti yake alibadilisha shule. Yeye akarudi kwao milimani kulima tangawizi, kisha kifua kikaanza kumsumbua, kifua ambacho daktari alikipa jina na sisi wengine tunajua kilivyoanza.

Mwaka jana alikuja kwangu. Nilimwona kutoka dirishani akipanda kijinjia changu taratibu, nikafikiria kujificha, lakini mtu mwenye mkongojo hajifichi upesi. Hakukaa hata kwenye kiti. “Ndugu yangu, sikuja kugombana. Mwanangu amepata mchumba, na wakwe wameuliza habari zangu. Nataka jambo moja. Andika kwenye gazeti lako kwamba bomba uliliingiza ukutani kwa amri ya msimamizi, na kwamba mchoro wangu ulisema vingine. Hata usinisifu.” Nikamwambia nitaandika. Akauliza, “Lini?” Nikamwambia wiki hii hii. Akaniamini, au alijifanya kuniamini, kwa sababu alikunywa maji niliyompa. Wiki ile niliandika kuhusu mbao zenye mchwa. Iliyofuata niliandika kuhusu mafundi rangi wanaochanganya na maji. Baada ya hapo nikawa sipokei simu ikitoka kwenye nambari yake. Wale wakwe wakajitoa. Mchumba akaoa kwingine. Hilo nililisikia, na wiki hiyo hiyo niliandika kuhusu uadilifu; wengine mlinitumia pongezi.

Nilikwenda kuzika. Kutoka Hedaru kupanda kule ni pikipiki, na kwa mguu huu ni adhabu, lakini nilifika kabla ya jeneza kutoka kanisani. Mwenye jengo alikuwa amekaa mstari wa mbele, suti nyeusi, na shada la maua kubwa kuliko la familia. Akapewa nafasi ya kusema. Alisema marehemu alikuwa mtu mwenye bidii, ingawa binadamu hakosi kosa. Kisha akasema, na sauti ikamtetemeka vizuri, “Sisi tuliopata hasara tulishamsamehe zamani.” Watu wakasema amina. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye namkumbuka na karai lake kichwani siku ile ya slabu, akafuta machozi kwa ukarimu wa mtu aliyemsamehe maiti. Nilishika kichwa cha benchi nikainuka nusu. Mchungaji akaniona, akanyamaza kunisubiri. Nikaketi. Akadhani ni mguu.

Baada ya kaburi kufukiwa, mjane alinifuata pale nilipokuwa nimeegemea ukuta wa jiko, mbali na wenye viti. Nikamwambia, “Shemeji, pole.” “Alikuwa ananunua gazeti lako kila wiki,” akasema. “Anamwagiza dereva wa Hedaru. Analisoma lote, analikunja, hasemi. Hata wiki hii kabla hajazidiwa alilisoma.” Nikamwambia nitaliandika sasa, yote, na majina ya vyeo vyao, na langu. “Kwa nini sasa?” Nikauhamisha mkongojo wangu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akasema, “Kwa sababu sasa hawezi kukuuliza lini.”

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo wakati naandika haya. Sisi hupenda kazi inayoonekana. Tunasifu rangi, vigae, vioo vya mbele, na mtu akikaa siku tatu anapanga maji yatapita wapi na hewa itatokea wapi tunamwona mvivu anayekula siku. Akisema hapana, tunamwona mchawi wa maendeleo. Halafu kinachoanguka kikianguka, tunamtafuta yeye yule aliyesema hapana, kwa sababu sauti yake ndiyo pekee tunayoikumbuka. Sisi wengine tulikuwa tunaimba. Mwenye jengo ana hatia, na msimamizi, na mwenyekiti wa kamati mwenye safari, na ninyi mlioshika ndoo mkazomea. Lakini hao wote hawakuombwa chochote na marehemu. Aliniomba mimi. Alipanda kijinjia changu na kifua kile, akaomba mistari mitatu kwenye gazeti, wakati mistari hiyo ingemrudishia kazi, na mkwe, na haki ya kusimama karibu na ukuta kama watu wengine.

Kabla sijashuka mlima nilimwambia mjane kwamba nakala ya gazeti nitamtumia. Akasema, “Si gazeti. Watu wa huku hawasomi gazeti, walisikia kwa masikio. Uje Jumapili, ukasimame kwenye matangazo baada ya ibada, ulisome kwa mdomo wako. Na useme polepole, wazee wapate kusikia.” Nikamwuliza kama na mwenye jengo atakuwepo. “Atakuwepo. Nimemwalika aje kushukuriwa kwa shada.”

Basi fundi mwenzangu, mama mwenye karai, na wewe unayejua ukweli wa mtu na unaulea kifuani ukingoja siku nzuri ya kuusema, nikuachie niliyoyapata kwa bei ya mtu mwingine. Msafishe mtu angali anatafuta kazi. Msafishe angali ana binti wa kuoza. Akishalala kule chini, maneno yako hayamsaidii kitu. Yanakusaidia wewe, na ndiyo maana ghafla unayaona mepesi kuyasema. Mimi Jumapili nitakwenda kuyasoma, na nitasoma polepole. Lakini msije mkasema nilikuwa jasiri.